Namna ya Kuonja Bia ya Matunda

Ndugu msomaji wa Kirewa, na wewe pia uliye Nagongera, Tororo, Malaba au Busia ya upande wowote wa mpaka wa Kenya na Uganda, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepata chupa ya bia iliyotiwa pasheni, embe au ndizi, moja ya bia za viwanda vidogo ambavyo katika miaka ya karibuni vimezuka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, naye akataka kuijua kwa haki kabla ya kuisifu au kuitia ila. Wako watu ambao huionja mara moja, wakaiona haina utamu wa soda, wakaiacha. Na wako wengine ambao huikuta na utamu mwingi, wakaisifu kwa sababu hiyo peke yake. Makundi yote mawili yamekosa insafu. Nia yangu ni kuonyesha kwamba katika bia ya matunda utamu ndio kipimo dhaifu kuliko vyote, kwamba tunda la kweli hujulikana kwa harufu yake, uchachu wake na ukakasi wake, na kwamba mtu aliyekulia penye chungu cha pombe ya wimbi ana ulimi uliokwisha kufunzwa kazi hii zaidi ya vile anavyodhani mwenyewe.

Kabla ya kuendelea yafaa niwape heshima yao wasomaji ambao dini, afya au nadhiri imewaharimishia kileo. Mwongozo huu haumshawishi mtu yeyote kuvunja ahadi yake. Njia zitakazoelezwa humu za kutumia macho, pua na ulimi zafaa vilevile kwa togwa, kwa maji ya ukwaju, na kwa vinywaji vya kimea visivyo na kileo, mfano wa Alvaro, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2008 ikiwa na ladha za matunda. Na atakayezifuata juu ya bilauri ya ukwaju atapata faida ile ile atakayoipata mwenzake juu ya bilauri ya bia.

Anza na pombe ya kwenu

Elimu ya kuonja haianzi kwa kitu kigeni. Huanza kwa kitu ambacho ulimi wakijua barabara, ili kigeni kipate cha kulinganishwa nacho. Katika nchi ya Wapadhola kitu hicho ni kongo, ambayo majirani zao Wateso huiita ajono na watu wa Kampala huiita malwa, na ambayo ng'ambo ya mpaka ina jamaa yake wa karibu, busaa, itokanayo na unga wa mahindi na kimea cha wimbi. Mama apikaye kongo husaga wimbi, akaukanda unga kwa maji, akauacha uchache siku kadhaa mahali palipofunikwa. Kisha huukaanga ule unga uliochacha juu ya bati au karai pana mpaka ugeuke rangi na kutoa harufu ya mkate uliobabuka, akauanika juani. Na mwisho huutia chunguni pamoja na maji na kimea cha wimbi lililooteshwa, akangoja mpaka chungu kianze kutoa povu chenyewe.

Katika kazi hiyo mna mambo matatu ambayo mwonjaji yampasa kuyashika. La kwanza ni kwamba uchachu wa kongo umekuja kwa makusudi, nao ni kazi ya vijidudu vile vile vigandishavyo maziwa, wala si dalili ya kuharibika. La pili ni kwamba harufu ya kukaangwa ni ya nafaka, nayo ni tofauti na harufu ya kuchacha, na mwenye pua nzuri huweza kuzitenga. La tatu ni kimea: nafaka iliyooteshwa ndiyo igeuzayo wanga kuwa sukari, na hamira huila sukari hiyo na kutoa kileo na mapovu. Mambo haya matatu, yaani uchachu, nafaka na kazi ya hamira, yamo katika bia yoyote ya matunda iliyotengenezwa kwa uaminifu, na atakayeyatambua chunguni hatapotea ndani ya bilauri.

Liko jambo la nne, nalo ni la mwendo wa kunywa. Kongo hunywewa kwa mirija mirefu iliyofungwa kichujio kilichosukwa kwenye ncha, na kila kiasi kinapopungua, mwenye nyumba huongeza maji ya moto. Pombe ya kwanza huwa nzito na kali. Baada ya maji ya pili hufunguka na kudhihirisha utamu wa nafaka. Na baada ya maji mengi hubaki uchachu mwepesi tu. Wazee walioketi kukizunguka chungu hawasemi kwamba wamekunywa pombe tatu; wasema wamekunywa moja na kuiona katika hali zake. Desturi hii ni kongwe kuliko watu wanavyofikiri. Katika kaburi la malkia Puabi wa mji wa Uru, nchini Iraki, lililo na umri upatao miaka 4,500, ulionekana muhuri wenye sura za watu walioketi wakinywa kwa mirija mirefu kutoka katika mtungi mmoja, na mtu wa Kirewa aonyeshwapo picha yake huutambua mkao ule bila kuambiwa.

Tunda hufanya kazi gani ndani ya bia

Watu wengi hudhani kwamba bia ya matunda ni bia iliyochanganywa na juisi. Yawezekana ikawa hivyo, walakini hiyo ndiyo njia hafifu kuliko zote. Tunda huingia katika bia kwa njia tatu, na kila njia hutoa tabia yake.

Njia ya kwanza ni kulitia tunda wakati hamira ingali inafanya kazi, au kuilaza bia iliyokwisha kuchacha juu ya matunda kwa majuma au miezi. Hapo hamira hurudia kazi yake, ikaila sukari ya tunda kama ilivyoila sukari ya nafaka. Lisaliapo tunda, husalia bila sukari yake: hubaki harufu, rangi, asidi, na ukakasi wa maganda na kokwa. Mfano mashuhuri wa njia hii umo Ubelgiji, katika bonde la mto Zenne karibu na Brussels, ambako bia ya ngano na shayiri huachwa ichachushwe na hamira za hewani, kisha hulazwa ndani ya mapipa pamoja na cheri chachu. Na hiyo ndiyo iitwayo kriek. Rangi yake ni nyekundu ya kupendeza, mtu akaitazama akangojea utamu, ilhali ladha yake ni kavu na chachu mfano wa ukwaju. Asiyejua hujiona amedanganywa. Ajuaye huona kwamba cheri yote imo isipokuwa sukari yake.

Njia ya pili ni kutia juisi au rojo la tunda baada ya hamira kutulizwa kwa joto au kuchujwa. Sukari ya tunda hubaki, na bia huwa tamu, laini, nyepesi kunyweka. Hii si njia mbaya. Lakini bia yake yapasa kupimwa kwa kuuliza kama nafaka ingali inasikika chini ya tunda, au imezikwa.

Njia ya tatu ni kutia mafuta ya harufu yaliyotengenezwa viwandani. Hapo tunda halimo, limo jina lake tu. Harufu hupanda kwa nguvu mara chupa ifunguliwapo, ikatoweka baada ya mafunda mawili, na kooni hubaki ladha ya peremende.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa njia ya kwanza, tena wa kale. Waganda huzivundika ndizi za mbidde ndani ya shimo lenye majani na joto mpaka ziive kwa pamoja, wakazikamua kwa nyasi ngumu mpaka maji yatengane na nyuzi, wakatia unga wa mtama uliokaangwa na kuyaacha yachache katika mtumbwi wa mti. Na hiyo ni tonto. Wachaga wa Kilimanjaro huchemsha ndizi mbivu, wakaziacha zichache siku kadhaa, wakachuja na kuchanganya na uji wa kimea cha ulezi, ambao ndio wimbi letu, na kutia gome la msesewe ili uchungu uushike utamu. Na hiyo ni mbege. Huko Arusha, tangu miaka ya 1990, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitia kileo cha ndizi katika chupa na kukiuza mbali na migomba yake. Basi mtu asikwambie kwamba kuchanganya tunda na nafaka ni uzushi wa vijana wa mjini. Huko Bavaria, Ujerumani, watawala walitoa amri mwaka 1516 kwamba bia isitiwe kitu ila shayiri, maua ya hopsi na maji, na kwa amri ile matunda yalifukuzwa. Lakini amri ile haikuvuka bahari kuja kwetu, na mgomba na wimbi vimeendelea kukutana katika chombo kimoja bila kuomba ruhusa ya mtu.

Matayarisho

Chagua saa ambayo hujashiba wala hujaona njaa kali, kwa maana tumbo lililojaa huudumaza ulimi na tumbo tupu hukipitisha kileo mwilini haraka. Jiepushe na tumbaku, manukato na chakula chenye pilipili kwa muda wa saa moja kabla ya kuanza. Weka maji safi ya kunywa karibu, na kipande cha ugali baridi au mkate mkavu wa kusafishia kinywa.

Chombo kiwe bilauri ya kioo, safi, iliyosuuzwa vizuri mpaka harufu ya sabuni imeondoka, yenye tumbo pana na mdomo mwembamba kidogo ili harufu ipate kukusanyika. Usinywe kutoka chupani: mdomo wa chupa haupitishi harufu, na bila harufu hutapata nusu ya unachotafuta. Bilauri ya kawaida ya chai yatosha ikikosekana nyingine, mradi usiijaze kupita nusu.

Baridi ndilo jambo ambalo watu hulikosea zaidi. Bia itokayo moja kwa moja katika friji, kwenye nyuzi 3 au 4, huutia ganzi ulimi, na harufu zake hulala. Bia ya matunda husema vizuri ikiwa kwenye nyuzi 8 hadi 12. Katika joto la mchana la Tororo inatosha kuitoa chupa na kuiweka kivulini robo saa. Kama huna friji, izungushie kitambaa kilicholowa na uiweke penye upepo, au itie ndani ya mtungi wa maji. Mtungi uliopoza maji ya kunywa tangu zamani hautashindwa kupoza chupa.

Pia itazame chupa kabla ya kuifungua. Bia nyingi za viwanda vidogo hazikutiwa joto la kuua hamira wala kuchujwa sana, na hamira iliyo hai yaweza kuendelea kuila sukari ya tunda ndani ya chupa. Ikisafirishwa kwenye bodaboda juu ya barabara ya murramu wakati wa jua kali, povu lake hufura. Iache itulie wima kwa siku moja mahali pa baridi, ifungue taratibu juu ya bakuli, na kama kizibo kimevimba kuelekea juu, usiielekeze usoni pa mtu.

Macho na pua

Mimina polepole kando ya bilauri iliyoinamishwa, kisha isimamishe ili povu lipate kuumbika. Itazame kwenye mwanga wa mchana. Ukungu si ila. Bia ya embe au ndizi mara nyingi huwa na ukungu kwa sababu ya rojo la tunda na hamira. Ila ni pale vipande vinapoelea kama maziwa yaliyokatika, au rangi inapong'aa kupita tunda lenyewe, maana hakuna pasheni iliyo njano kama rangi ya kupaka nyumba. Tazama povu pia: asidi na mafuta ya tunda hulipunguza umri, basi usistaajabu likififia upesi kuliko la bia ya shayiri tupu.

Sasa ipeleke puani kabla ya kinywani. Vuta pumzi fupi mara mbili, ondoa bilauri, kisha rudi. Jiulize maswali matatu kwa utaratibu huu. Kwanza: nasikia tunda gani, na ni tunda katika hali gani? Embe bichi lina harufu ya majani na utomvu. Embe bivu lina harufu ya asali. Embe lililopita lina harufu ya kileo chake lenyewe. Pili: chini ya tunda nasikia nafaka? Shayiri hutoa harufu ya mkate, wimbi lililokaangwa hutoa harufu ya moshi na udongo mkavu. Tatu: hopsi imo? Hopsi ni ua linaloipa bia uchungu, na aina zake nyingine zina harufu inayokaribia ndimu, nyasi mbichi au hata pasheni.

Hapa yapasa kutahadhari. Harufu ya tunda haithibitishi kuwapo kwa tunda. Hamira yenyewe, inapofanya kazi katika joto, huzaa kemikali iitwayo isoamili asetati, ambayo ndiyo mama wa harufu ya ndizi mbivu; na bia za ngano za Ujerumani zina harufu ya ndizi na karafuu bila ndizi wala karafuu kuingia katika pipa. Basi ukisikia ndizi, usiseme upesi kwamba imo. Ngoja ulimi, kwa kuwa ndizi ya kweli huleta pamoja na harufu yake uzito na ukakasi kidogo, ambavyo hamira peke yake haiwezi kuvileta.

Ulimi na koo

Chukua funda dogo, usilimeze mara moja. Lizungushe kinywani mpaka lifike kila upande, kisha vuta hewa kidogo kupitia midomo, umeze, na upumue kwa pua ukiwa umefunga kinywa. Pumzi ile ya mwisho ndiyo yenye siri ya kazi yote: harufu hupanda kutoka kooni kwenda puani, na kile tunachokiita ladha ya tunda kwa sehemu kubwa ni harufu iliyopita njia hiyo. Asiyeamini na azibe pua yake anapokunywa. Atasikia uchachu, utamu na uchungu, lakini pasheni haitasikika mpaka aachilie pua.

Funda la kwanza usilihukumu, kwa kuwa huamsha ulimi tu. Kwa funda la pili pima mizani. Bia ya matunda ina pande nne ambazo yapasa zishikane: utamu uliobaki, uchachu wa tunda, uchungu wa hopsi au gome, na uzito wa nafaka. Utamu usiposhikwa na uchachu wala uchungu huchosha kabla ya bilauri kwisha; uchachu usipobebwa na nafaka hukwaruza meno; uchungu ukizidi hugombana na tunda, na matokeo yake yafanana na ganda la chungwa lililotafunwa. Wachaga walilijua jambo hili walipotia msesewe katika mbege.

Kwa funda la tatu sikiliza mwisho wake. Hesabu polepole baada ya kumeza, uone ladha ipi yaondoka kwanza na ipi yabaki. Katika bia njema, tunda hufika mapema, nafaka hulipokea, na kooni hubaki uchachu msafi unaokuita kwenye funda lingine. Katika bia hafifu, tunda hupiga kelele mwanzoni, kisha sukari hubandika ulimi.

Halafu fanya kama wafanyavyo wazee wa kongo: usiimalize mapema. Acha theluthi moja ndani ya bilauri, zungumza na wenzako, kisha ionje tena joto likiwa limeingia na mapovu yamepungua. Bia iliyotengenezwa vizuri bado itakuwa na la kusema. Iliyojificha nyuma ya baridi na gesi itadhihirika. Yafaa kuandika katika daftari jina la bia, tunda, kiwango cha kileo, na maneno machache ya kweli kwa kila hatua. Usitafute maneno makubwa. Andika lile ulilosikia, hata likiwa "fenesi lililokaa siku mbili", maana neno hilo litaeleweka Kirewa kuliko maelezo yoyote ya kigeni.

Matunda machache na tabia zake

Pasheni ni tunda lenye harufu kali na asidi nyingi. Kidogo chake chatosha pipa zima, nalo huenda vizuri na bia nyepesi. Likizidi, hukaba kila kitu.

Embe ni gumu kuliko linavyoonekana. Sukari yake ni nyingi lakini harufu yake ni nyepesi, na hamira ikishaila sukari, embe hupungua sana. Ndiyo maana bia nyingi za embe huongezewa harufu ya kiwandani. Ukikuta bia ya embe iliyo kavu na bado yanuka embe, jua kwamba mtengenezaji wake alitumia matunda mengi na subira nyingi.

Ndizi huleta mwili na uzito kuliko harufu, na inapopatana na ulezi au mtama, kama katika mbege na tonto, hutoa ladha ya mviringo ambayo shayiri haijui kuitoa.

Nanasi huleta uchachu mkali na harufu ya kupendeza, lakini likikaa sana hugeuka kuelekea siki. Ukwaju hauna harufu kubwa, ila uchachu wake ni mzito na una rangi ya udongo, nao hupatana na bia nyeusi zenye nafaka iliyokaangwa. Fenesi, ambalo limejaa tele katika viambo vyetu, lina harufu inayokaribia ndizi na nanasi kwa pamoja, nami naliona kuwa tunda ambalo bado halijapewa nafasi yake katika chupa.

Ila na dalili zake

Si kila ladha ngeni ni ustadi. Harufu kali ya siki, iunguzayo pua, yaonyesha kwamba hewa imeingia na vijidudu vya siki vimeshinda. Harufu ya samli katika bia nyepesi ni alama kwamba hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Harufu ya mahindi ya kuchemsha au kabichi hutokana na kimea kisichochemshwa vya kutosha. Harufu ya boksi lililoloa maji ni uzee: bia imekaa ghalani au juani. Harufu ya rangi ya kucha ni dalili ya hamira iliyotaabishwa na joto. Na chupa ya kioo cheupe au kijani iliyosimama dirishani mwa duka hutoa harufu ya kicheche, kwa kuwa mwanga wa jua huivunja hopsi. Basi nunua chupa ya kahawia au kopo, na mwambie mwenye duka akutolee iliyo ndani, siyo iliyo mbele.

Uchachu safi, hata ukiwa mkali, haumo katika orodha hii. Mtu wa kongo hana haja ya kuambiwa.

Chakula cha kuandamana nayo

Bia ya matunda hutengeneza chakula na chakula huitengeneza. Ngege wa kukaanga kutoka Ziwa Victoria, mfano wa wale waletwao kutoka Majanji, hupendezwa na bia ya pasheni kwa sababu uchachu hukata mafuta. Karanga na ufuta, vilivyo vingi katika mapishi ya Tororo, hupatana na bia ya ndizi, maana vyote viwili vina uzito. Nyama choma yataka bia ya ukwaju iliyo nyeusi. Ugali wa wimbi na mboga za majani chungu huenda na bia ya embe iliyo kavu. Usiandamanishe bia tamu na keki wala mandazi yenye sukari, kwani utamu wa chakula utaigeuza bia kuwa maji.

Adabu na hadhari

Kuonja si kulewa, na tofauti yake ni kiasi. Bia za matunda aghalabu zina kileo cha asilimia 4 hadi 6, na nyingine zapita hapo huku utamu ukificha nguvu zake. Basi soma karatasi ya chupa kabla ya kumimina, gawaneni chupa moja watu watatu au wanne, na msionje zaidi ya aina nne kwa mkao mmoja, mkianza na iliyo nyepesi na kumaliza na iliyo kali. Mwenye kuendesha bodaboda au lori la Malaba aonje siku ambayo chombo kimelala. Mwenye mimba asionje kabisa, na mtoto asipewe hata kwa mzaha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo yakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, nayo Uganda yashika umri huo huo.

Usinunue kileo cha matunda kisicho na jina la mtengenezaji, hasa kile kikali kilichokenekwa, kwa sababu methanoli haina rangi wala harufu ya kukuonya, nayo imeua na kupofusha watu katika Kenya na Uganda zaidi ya mara moja. Tofautisha pombe iliyochachushwa, ambayo ndiyo maudhui yetu, na ile iliyokenekwa. Hatari zao si moja.

Tena ishike adabu ya chunguni hata penye bilauri. Anayewaalika wengine na aonje wa kwanza mbele yao, ili wote waone kwamba kinywaji ni salama. Mkubwa apewe nafasi yake ya kusema, na mdogo asikilizwe asemapo alichosikia, kwa kuwa pua haina umri. Asiyekunywa apewe maji ya ukwaju ndani ya bilauri iliyo safi sawa na zenu, akae katika duara, na maoni yake juu ya harufu yatiwe katika hesabu.

Hukumu yangu ni hii: bia ya matunda iliyo njema ni ile ambayo, ukiisha kuimeza, unaweza kutaja tunda lake na nafaka yake bila kusoma karatasi, na sukari ikawa ndiyo kitu cha mwisho kukumbukwa. Basi, msomaji, ununuapo chupa inayofuata, muulize mwuzaji tunda liliingia lini na kwa njia gani, na nafaka yake ni ipi. Na ikiwa wewe mwenyewe wapika kongo, au mama yako apika, wekeni chungu kimoja kidogo kando, mtie fenesi au ndizi ndani yake, mkionje kwa utaratibu huu, na mwandike mliyoyaona. Bia ya matunda ya nchi hii haitatengenezwa vizuri Kampala wala Nairobi mpaka watu wanaolijua wimbi waseme neno lao.